Uchambuzi wa kisa: "Had went" katika insha za kidato cha pili

Usuli

Kisa hiki kinahusu mkondo mmoja wa kidato cha pili, wenye wanafunzi zaidi ya 50, katika shule ya sekondari ya kutwa ya serikali iliyo pembezoni mwa mji mmoja wa Tanzania Bara. Majina ya shule, mkoa na mwalimu yameondolewa, na sentensi za wanafunzi zimebadilishwa mahali zilipotaja watu au vijiji, lakini makosa ya sarufi yameachwa yalivyokuwa kwa sababu ndiyo yanayochambuliwa. Mwalimu wa somo ataitwa hapa Mwalimu R. Ni mwalimu mzoefu, maandalio yake ya somo hukamilika na madaftari husahihishwa kwa wakati, na inafaa jambo hilo litajwe mapema ili msomaji asitafute chanzo cha tatizo katika uzembe. Mimi nilihusika kama mwalimu mwenzake wa idara ya lugha, niliyeombwa kusoma naye insha zilizokuwa zikimsumbua.

Wanafunzi hao walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo tu kama yalivyo masomo mengine, na walipoingia kidato cha kwanza karibu masomo yote yakaanza kufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo kosa la kitenzi halibaki ndani ya kipindi cha Kiingereza. Mwanafunzi anayeandika "had began" katika insha ya lugha huandika hivyo hivyo katika jibu la Historia, somo ambalo kwa asili yake husimulia jambo lililotangulia jambo jingine, na kwa kweli mwalimu wa Historia ndiye aliyekuwa wa kwanza kulalamika katika ofisi ya walimu kuhusu mkondo huu.

Mada yenyewe ni ile ambayo vitabu vya sarufi huiita "past perfect", yaani wakati unaotumika pale msimulizi anapokuwa tayari anazungumzia yaliyopita, kisha akataka kurudi nyuma zaidi. Muundo wake una upande mwepesi, kwa sababu "had" haibadiliki kwa nafsi wala kwa idadi. Uzito uko katika kinachoifuata, ambacho ni umbo la tatu la kitenzi, lile linaloandikwa katika safu ya mwisho ya jedwali. Kwa vitenzi vya kawaida, umbo la pili na la tatu ni kitu kimoja: "cooked" na "cooked". Hata vitenzi vingi visivyo vya kawaida vina maumbo hayo mawili yanayofanana, kama "bought", "taught", "left", "found" na "sold". Yanayotofautiana ni ya kundi dogo tu, lakini kundi hilo limebeba vitenzi ambavyo mtu hawezi kusimulia siku yake bila kuvitumia: kwenda, kuja, kuona, kula, kunywa, kuchukua, kutoa, kuandika, kuvunja, kuanguka, kusahau.

Kilichotokea

Mwalimu R. alianza kwa kuchora mstari wa wakati ubaoni, akaweka juu yake nukta mbili, na chini yake akaandika sentensi ambayo karibu kila aliyesoma sekondari Afrika Mashariki amewahi kukutana nayo: "The patient had died before the doctor came." Wanafunzi walielewa mara moja tukio lipi lilitangulia. Walijaza sentensi za kitabu cha kiada, ambazo nyingi zilikuwa na "had" iliyokwisha kuchapwa, kazi yao ikiwa kubadilisha kitenzi kilichowekwa pembeni. Kisha wakafungua kurasa za mwisho za kitabu, penye jedwali la vitenzi lililopangwa kwa alfabeti, na darasa zima likakariri kwa sauti: "go, went, gone, see, saw, seen, eat, ate, eaten." Jaribio la kujaza jedwali hilo lilitoa alama nzuri sana, nzuri kuliko mada yoyote iliyotangulia katika muhula.

Wiki iliyofuata walipewa insha ya kusimulia safari iliyoharibika. Madaftari yaliporudi, yalijaa sentensi za namna hii: "When I reached the stand, the bus had went." "I remembered that I had forgot my bag." "The conductor had took our money." "My mother had already cook." Mwanafunzi mmoja, akieleza kwa nini alikataa chakula alichokaribishwa, aliandika "I was already eaten", sentensi ambayo kwa Kiingereza inamaanisha kwamba mwandishi alikuwa ameshaliwa. Mwingine aliandika, "Before the rain had not started, we left the farm," na hakuona kasoro yoyote hata alipoisoma kwa sauti. Baadhi ya walioandika "had went" walikuwa miongoni mwa waliopata alama zote katika jaribio la jedwali.

Uamuzi wa kwanza na sababu zake

Mwalimu R. aliamua kuongeza kukariri. Kila aliyekosea aliandika kitenzi husika mara kumi katika maumbo yake matatu, na kila kipindi kilifunguliwa kwa darasa kuimba jedwali. Ni rahisi kuubeza uamuzi huu sasa, matokeo yakiwa yamejulikana, lakini ulikuwa na mantiki. Upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili ulikuwa unakaribia, darasa lilikuwa kubwa, kukariri hakukuhitaji karatasi wala kitabu cha ziada, na jaribio la jedwali lilikuwa limeonyesha kwamba wanafunzi hushika kwa njia hiyo. Zaidi ya yote, mwalimu aliamini, kama wengi wetu tunavyoamini, kwamba anayeandika "had went" hajui "gone".

Insha ya pili iliiangusha imani hiyo. Alama za jedwali zilipanda tena, na insha zikabaki zilivyokuwa. Mwanafunzi aliyeulizwa ghafla mlangoni "Go?" alijibu bila kusita "went, gone", akaenda kukaa, akaandika "had went". Neno alikuwa analijua. Alichokosa ni njia ya kulifikia akiwa katikati ya sentensi, kwa kuwa wimbo ulikuwa umeifungia "gone" nyuma ya "went", na mwandishi aliyeshughulika na kisa anachosimulia huchukua umbo linalotangulia kumjia. Pia "had" yenyewe inamwambia kwamba tuko katika wakati uliopita, na umbo la wakati uliopita analolijua vizuri ni "went". Hesabu yake haina upumbavu ndani yake.

Napenda kuongeza hapa jambo ambalo halikuingia darasani lakini lilitusaidia sisi walimu kupunguza hasira. Waingereza wenyewe waliyumba katika jambo hili kwa muda mrefu. Shairi maarufu la Thomas Gray kuhusu makaburi ya kijijini, lilipochapishwa mara ya kwanza mwaka 1751, lilibeba katika jina lake neno "Wrote" mahali ambapo leo tungetarajia "Written", na mwaka 1762 Robert Lowth, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa London, alichapisha kitabu cha sarufi kilichowakosoa waandishi wakubwa wa lugha hiyo kwa kutumia umbo la pili mahali pa la tatu. Hadi leo "had went" husikika katika mazungumzo ya baadhi ya watu wa Uingereza na Marekani ambao hawana lugha nyingine. Kanuni ya Kiingereza sanifu ni lazima ifundishwe, na mtahini hatasamehe, lakini kosa linalowapata hata wenye lugha haliwezi kuelezwa kwa kusema wanafunzi wetu ni wavivu.

Kupanga makosa kwa mafungu

Kabla ya kuamua lolote jipya tulikaa na madaftari na kunakili kila kitenzi kilichofuata "had", au kilichopaswa kuifuata, tukakipanga kulingana na aina ya kosa. Kazi hii ilichukua mchana mzima na ndiyo ninayoiona kuwa sehemu yenye thamani kubwa katika kisa chote, kwa sababu kile kilichoonekana kama kosa moja kiligawanyika.

Fungu kubwa lilikuwa la umbo la pili baada ya "had": "had went", "had took", "had forgot", "had ate", "had ran", "had broke". Tulipoandika vitenzi vyake kwenye karatasi tuligundua kuwa vilikuwa vichache, wala havikuzidi sana 20, vikijirudia daftari baada ya daftari. Jedwali la kitabu lilikuwa na vitenzi vingi zaidi ya hivyo, na wanafunzi walikuwa wanatumia nguvu zilezile kukariri "bought, bought", ambako kosa hili haliwezekani hata mtu akitaka kulifanya, na kukariri "took, taken", ambako linawasubiri kila siku. Mpangilio wa alfabeti uliongeza giza: "begin", "bend", "bite", "break", "bring" na "build" vimesimama pamoja katika ukurasa mmoja, na karibu kila kimoja kinabadilika kwa njia yake.

Fungu la pili lilikuwa la kitenzi kisichobadilika kabisa: "had cook", "had finish", "had wash". Hapa kulikuwa na sababu mbili zilizoshikana. Moja ni ya sauti. Neno la Kiswahili huishia kwa irabu, na sikio lililozoea hivyo halikamati kirahisi ile "t" nyembamba inayofunga "finished" na "cooked", wala "d" ya "opened". Mwanafunzi huandika alichosikia, na alichosikia hakina mkia. Nyingine ni ya sarufi. Tunaposema "basi lilikuwa limeondoka", kitenzi chenyewe hakiguswi, viambishi vilivyotangulia ndivyo vinavyobeba wakati wote. Mwenye mazoea hayo akishaiweka "had" mbele huona kazi ya wakati imekamilika, na kitenzi anakiacha kipumzike.

Fungu la tatu, dogo, lilikuwa la "had eated", "had stealed" na hata "had wented". Mwalimu R. alikuwa anayakata makosa haya kwa wino mwingi kuliko mengine kwa sababu yanachekesha. Kwa maoni yangu ndiyo yaliyopaswa kumtia moyo, kwa kuwa anayeandika "had eated" ameshatambua kwamba baada ya "had" kitenzi hakiwezi kubaki kilivyo, na amekwama katika umbo la kitenzi kimoja tu.

Mafungu mawili ya mwisho yalitoka moja kwa moja katika Kiswahili. "I was already eaten" ni "nilikuwa nimeshakula", ambapo "nilikuwa" imegeuzwa kuwa "I was" na "nimeshakula" ikajipatia umbo la tatu, lililo sahihi kabisa na lisilo na faida. Nayo "before the rain had not started" ni "kabla mvua haijaanza": Kiswahili baada ya "kabla" huweza kutumia kikanushi cha "ja" kuonyesha tukio ambalo bado, na Kiingereza hakikubali ukanushi mahali hapo. Wimbo wa jedwali, hata uimbwe miaka, haufiki kwenye makosa haya mawili, kwa sababu hakuna safu ya jedwali inayoyahusu.

Tukiwa katika kupanga, tulirudia pia kuitazama ile sentensi ya mgonjwa na daktari. Ina dosari mbili kama mfano wa kufundishia. Kitenzi chake, "died", ni cha kawaida, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuiandika maisha yake yote bila kulazimika kuchagua kati ya umbo la pili na la tatu. Na neno "before" limeshaeleza mpangilio wa matukio, hivi kwamba "The patient died before the doctor came" ni Kiingereza safi na maana haibadiliki. Ukiweka "when", hapo ndipo "had" inakuwa ya lazima: "When the doctor came, the patient had died" inasema daktari alikuta mauti, ilhali "When the doctor came, the patient died" inakaribia kumshitaki daktari.

Uamuzi wa pili na sababu zake

Mwalimu R. aliweka kando jedwali la alfabeti na kubaki na vitenzi vya fungu la kwanza peke yake. Alivipanga kwa sura ya umbo la tatu. Kwanza vile vinavyoishia kwa sauti ya "n", ambavyo ndivyo vingi: "gone", "seen", "eaten", "taken", "given", "written", "broken", "stolen", "forgotten", "fallen". Kisha vichache vinavyobadilisha irabu kuwa "u": "begun", "drunk", "sung", "swum". Mwisho vile ambavyo umbo lake la tatu linarudia la kwanza: "come", "become", "run". Vitenzi vyenye maumbo yanayofanana viliachwa vijifunze vyenyewe katika usomaji.

Badiliko la pili lilihusu mdomo. Ilipigwa marufuku kutamka umbo la tatu likiwa peke yake. Darasa halikuimba tena "go, went, gone", bali liliitikia kwa vipande: mwalimu akisema "yesterday", wanaitikia "I went", akisema "already", wanaitikia "I had gone". Nia ilikuwa "gone" iambatane na "had" ulimini kiasi kwamba moja ikitajwa nyingine ifuate bila kupitia "went". Sambamba na hilo aliandaa sentensi zinazobeba maumbo yote mawili ya kitenzi kimoja, kama "I saw the film that my sister had seen" na "We wrote to the man who had written to us", kwa sababu katika sentensi ya namna hii mwanafunzi hawezi kuepuka kuchagua.

Insha nayo ilibadilishwa. Kusimulia safari kuanzia asubuhi hadi jioni hakumpi mtu sababu ya kurudi nyuma, kwa hiyo "past perfect" inakuwa pambo. Wanafunzi walipewa badala yake mtu anayerudi nyumbani jioni na kukuta hali isiyo ya kawaida: kufuli limevunjwa, redio haipo, chai imenywewa, mbuzi wako kwenye bustani na miche ya kabichi imebaki vijiti. Waliambiwa waeleze kilichokwisha kutokea kabla mtu huyo hajafika. Hapo kila jibu linadai umbo la tatu, na vitenzi vinavyohitajika ni vilevile vilivyokuwa vinawashinda: "had broken", "had stolen", "had drunk", "had eaten".

Uamuzi uliomgharimu zaidi mwalimu ulikuwa wa kuweka Kiswahili ubaoni. Shule ina kibao kinachowataka wanafunzi wazungumze Kiingereza tu, na mwalimu wa somo lenyewe ndiye anayetarajiwa kuwa mfano. Aliandika upande mmoja "kabla mvua haijaanza" na upande wa pili "before the rain started", akawataka wanafunzi waseme upande wa Kiingereza umepoteza nini. Alifanya vivyo hivyo kwa "nilikuwa nimeshakula" na "I had already eaten". Sababu aliyoitoa kwa mkuu wa idara ilikuwa fupi: kosa lililozaliwa na Kiswahili haliwezi kuonekana mahali ambapo Kiswahili kimefichwa. Mwalimu wa taaluma yeye alikuwa na pingamizi tofauti, kwamba vipindi hivi vinakula mada nyingine katika azimio la kazi, na hoja yake ilikuwa ya kweli; ikakubaliwa kwamba sauti za "ed" zipewe dakika tano tu za mwanzo wa kipindi, na kwamba mada ya kauli ya kutendwa isogezwe mbele kidogo.

Katika kusahihisha, kalamu nyekundu iligusa vitenzi vilivyofuata "had" na si kingine. Baadhi ya wanafunzi walilalamika, "Madam, hapa nimekosea herufi na hukuweka alama," na mzazi mmoja alifika shuleni akiwa na daftari mkononi kuuliza kama insha ya mwanawe ilisomwa kweli. Mwalimu alieleza na aliendelea.

Matokeo

Katika insha zilizofuata, fungu la kwanza lilipungua waziwazi kwa vitenzi vya sauti ya "n". "Had gone", "had eaten", "had seen", "had taken" na "had stolen" vilianza kuandikwa sawasawa hata na wanafunzi ambao Kiingereza chao kwa ujumla kilikuwa dhaifu. Makosa ya "I was already eaten" na "before had not" yalikaribia kutoweka baada ya kile kipindi cha Kiswahili ubaoni, na kwa haraka iliyonishangaza. Ni haki kusema pia kwamba muda ulikuwa umepita na wanafunzi walikuwa wanasoma zaidi, kwa hiyo si kila badiliko linaweza kuhesabiwa kuwa zao la mbinu mpya.

Vitenzi vinavyorudia umbo la kwanza vilikataa. "Had came" na "had ran" viliendelea, na kwa baadhi ya wanafunzi viliongezeka. Sababu yake ilionekana tulipowahoji. Walikuwa wamekatwa alama mara nyingi kwa "had cook" na "had finish", wakajifunza kuogopa kitenzi kilicho uchi baada ya "had". Walipoiona "had come" waliidhani ni kosa lile lile, wakaivisha "came". Mazoezi ya kuliponya fungu la pili yalikuwa yanalisha fungu la kwanza. Kwa "drunk" tatizo lilikuwa jingine: wanafunzi wanalijua neno hilo kwa maana ya mlevi, na msichana mmoja alieleza kwa heshima zote kwamba asingeweza kuandika "my grandmother had drunk" kuhusu bibi yake, akachagua "had drank" ili kumsitiri.

Jambo ambalo hakuna aliyelitarajia ni kufurika kwa "had". Zilikuja insha ambazo kila sentensi imerudi nyuma: "I had woken up, I had taken tea, I had gone to school." Maumbo yote yalikuwa sahihi na masimulizi yalikuwa yamekufa, maana msomaji hajui tena tukio lipi ndilo la sasa la hadithi. Mwalimu R. alirudisha insha hizo bila alama yoyote, akawataka wanafunzi wakate kila "had" ambayo ikiondolewa mpangilio wa matukio haupotei. Wengi walibakiwa na mbili au tatu katika ukurasa.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, ni kupanga makosa kwa mafungu. Bila hatua hiyo mbinu nyingine zingekuwa bahati nasibu, kwa sababu dawa ya "had went" haitibu "had finish", na kama tulivyoona inaweza hata kuidhuru "had come". Walimu wengi huhesabu makosa ili kupata alama ya mwanafunzi. Ni wachache wanaopata nafasi ya kuyatazama kama ushahidi wa alichokuwa anafikiri. Katika darasa la watu zaidi ya 50 si rahisi kufanya hivyo kila wiki, lakini kulifanya mara moja kwa mada moja kuliokoa vipindi vingi vya kuimba.

Kupunguza idadi ya vitenzi kulisaidia pia, kuliko nilivyokuwa tayari kukubali mwanzoni. Sidhani kwamba jedwali la alfabeti ni baya. Ni chombo cha kurejea, mtu akikwama anatafuta. Lilipogeuzwa kuwa somo ndipo lilipoharibu, kwa kuvipa vitenzi visivyo na hatari nafasi sawa na vyenye hatari. Kukariri kwenyewe hakukuondoka. Kile kiitikio cha "already, I had gone" ni kukariri, na kilifaulu kwa sababu kilichokaririwa kilikuwa kipande kinachoweza kuingia katika sentensi kilivyo.

Kipindi cha Kiswahili ubaoni kilikuwa kifupi na kilizaa kuliko urefu wake. Ningependa kiwe cha kawaida katika mada hii, na naelewa kwa nini mwalimu mwingine angesita kukifanya siku ambayo mkaguzi yuko shuleni.

Kilichoshindwa zaidi ni upande wa sauti. Dakika tano za "finished", "opened" na "planted", zenye mikia mitatu tofauti, hazikutosha kubadilisha sikio. Katika imla wanafunzi waliandika vizuri kwa kuwa walikuwa wanavizia mkia. Katika insha, walipokuwa wanafikiria kisa, mkia ulianguka tena. Sehemu hii ilihitaji kusoma kwa sauti kwa muda mrefu, jambo ambalo azimio la kazi halikuwa na nafasi nalo. Kwa "come" na "run" njia iliyopaswa kufuatwa ni kuvitanguliza, kabla wanafunzi hawajajengewa hofu ya kitenzi kisichobadilika, badala ya kuvipeleka mwisho kwa kuwa ni vichache. Mwalimu R. amevihamishia mwanzo katika azimio lake la mwaka unaofuata.

Gharama nyingine ya mbinu ya vipande ilijitokeza baadaye, kauli ya kutendwa ilipofikiwa. Wanafunzi waliokuwa wameizoea "had stolen" kama kitu kimoja kisichotenganishwa waliandika "The radio had stolen", redio ikawa mwizi, na wakapata shida kuipokea "been" katikati ya maneno waliyokuwa wamefundishwa kuyaambatanisha. Mwalimu aliwazoesha kuuliza, kila wanapoandika umbo la tatu baada ya "had", ni nani aliyetenda, na jibu likiwa halimo mwanzoni mwa sentensi, "been" iingizwe. Wengi wanauliza swali hilo wanapoambiwa wasahihishe kazi yao, na wachache wanauliza kabla ya kuandika.